Mkoba Katikati ya Deski

Jumanne, 14 Oktoba 1997. Kayole.

Kwa nini sikunyamaza? Somo lilikuwa limeisha vizuri. Nilikuwa nimewaeleza Kidato cha Pili kwamba miji ya Wagiriki wa kale ilizozana kila siku, lakini yote ilidai kuwa shujaa mmoja ni wake, yule aliyeua simba kwa mikono mitupu. Kila mji ulisema ni babu yao. Kupitia kwake wakajiona ndugu.

Kisha nikaropoka: “Haya, na sisi sote hapa, shujaa wetu ni nani?”

Kila mtu akamtaja wa kabila lake.

“Huyo si wetu, ni wenu!”

“Kwani wenu alishinda nani?”

Kengele ikaniokoa.

Baada ya mapumziko nikakuta Njoki amehama. Yeye na Atieno wamekaa deski moja tangu Kidato cha Kwanza, na kitabu chao cha historia ni kimoja. Nikamrudisha. Akarudi, akauweka mkoba wake katikati ya deski. Kitabu kikabaki upande wa Atieno.

Labda natia chumvi. Watoto hununa leo, kesho wakacheka. Lakini uchaguzi umekaribia, na hata hapa plotini ninapopanga chumba, majirani wameanza kushusha sauti nikipita na ndoo yangu. Uchaguzi uliopita ulianza hivyohivyo, halafu...

Wakati wa kutoka, Atieno alinisubiri mlangoni.

“Mwalimu, wale Wagiriki, walipojua ni ndugu, waliacha kupigana?”

Jibu nilikuwa nalo: hawakuacha. Nikamwambia aende nyumbani kabla giza halijaingia.