Gari Lisilokunywa Maji

Kambi ya Mtabila, Kasulu
12 Novemba 1995

Mdogo wangu mpenzi Nasra,

Assalaam aleikum. Natumaini wewe, shemeji Dadi na wapwa zangu wawili hamjambo. Sisi huku tu wazima. Ikram alishikwa na malaria, sasa ameinuka. Turubai letu linavuja upande anaolala mama mkwe, naye anasema nilipapanga hivyo makusudi.

Bonaventura, dereva wa lori la mahindi, amekubali kutubebea barua. Ni mwaminifu, ila umpe chai.

Nataka tuzungumze habari za kombi. Tangu injini ishike ikakataa kuzunguka pale Mwandiga na shemeji akaivuta mpaka uani kwenu, imekuwa banda la kuku, na ndicho kitu pekee nilichotoka nacho Buyenzi tulipoikimbia Burundi. Kambini sitoki bila kibali, kwa hiyo mikono yangu haitaifikia. Lakini wewe umekulia gerejini kwangu, ulikuwa ukinipa spana kabla sijaitaja. Nitakupa kazi moja moja kwa barua. Ukimaliza moja niandikie ilivyo, nami nitakupa inayofuata. Usiruke. Mambo ya petroli yatakuwa ya mwisho kabisa. Msitie hata tone mpaka nikuambie.

Kazi ya kwanza: toeni kuku. Kwangueni kutu sakafuni na chini ya milango, kisha mteremshe injini. Iko nyuma, imeshikwa na bolti nne tu. Wekeni jeki na ubao chini yake, la sivyo Dadi atabaki hana miguu.

Kaka yako,
Ashraf

Kasingirima, Ujiji
3 Desemba 1995

Kaka yangu,

Shikamoo. Wifi Ikram namsalimu sana, na mama mkwe umhamishe, usiniaibishe. Huku hatujambo, ila Musa ana kikohozi.

Kuku wametoka, isipokuwa mmoja aliyekuwa anaatamia ndani ya kabati la vyombo. Huyo tulimsubiri mpaka akaangua. Injini imeshuka na Dadi miguu anayo yote miwili. Nikimaliza kazi za nyumbani nafunga kanga kiunoni naingia chini ya gari, na majirani wameshachoka kunicheka. Telesphory anayetengeneza baiskeli hapa jirani ameizunguka kombi yote akitafuta pa kutia maji. Nikamwambia hili halinywi maji, injini yake inapozwa na upepo. Akasema, "Basi hilo si gari, hilo ni jiko."

Pistoni mbili zimeganda kwenye silinda, hazitoki. Halafu Dadi ameyatoa mabati yote yanayoizunguka injini. Anasema yanabana joto, na amepata fundi wa majiko anayeyataka.

Jana nilipanda nikakaa kwenye kile kitanda cha nyuma. Nikakumbuka ulivyotupeleka mimi na marehemu mama ufukweni, tukapika chai humo humo ndani. Nililia kidogo, kisha nikaenda kusonga ugali.

Mdogo wako,
Nasra

Mtabila
20 Januari 1996

Mdogo wangu,

Marahaba. Musa mpe tangawizi na asali.

Mwambie shemeji, kwa heshima zote, akiyauza mabati yale nitakuja Ujiji kwa miguu na askari wanipige njiani. Feni inavuta upepo, na mabati ndiyo yanayoupeleka kwenye silinda. Hayo ndiyo maji yake! Bila mabati injini itaiva kabla hamjafika Kidahwe.

Silinda zimepatikana. Padri anayekuja kusalisha hapa ana kombi mbovu nyuma ya nyumba yake, akaniambia nichukue ninachotaka. Bonaventura anakuletea seti nzima pamoja na pistoni, nimeziosha mwenyewe kwa mafuta ya taa. Juu ya kila pistoni utaona mshale. Mishale yote ielekee upande wa klachi. Mkikosea hapo nitaacha kukuita ndugu.

Nacheka, Nasra. Nimecheka kweli, baada ya miezi mingi. Watu hapa wananiuliza kuna nini.

Kaka yako,
Ashraf

Kasingirima, Ujiji
11 Mei 1996

Kaka,

Shikamoo, na pole na mvua. Tulichelewa kukuandikia kwa sababu Dadi alikuwa zamu bandarini kila siku, na bila yeye injini hainyanyuki.

Sasa sikiliza. Mishale imeelekea klachi. Mabati yamo, hata lile dogo la chini. Injini imerudi mahali pake. Paa linanyanyuka na turubai lake nimelishona upya. Rangi tumepaka samawati ya mitumbwi maana ndiyo iliyokuwepo, na sasa watoto wa mtaa wanauliza tutaishusha lini ziwani.

Dadi anajisifu kila anapokaa. Mimi najua ni mikono ya nani.

Tupe kazi inayofuata.

Mdogo wako,
Nasra

Mtabila
16 Juni 1996

Mdogo wangu kipenzi,

Assalaam aleikum. Nina habari mbili, na hii barua ukiisoma usimsomee mtu wa nje.

Ya kwanza, Ikram ni mjamzito.

Ya pili, kuna bwana anaitwa Oswald wa shirika moja linalotafuta ndugu za watoto waliopotezana na wazazi. Anataka gari la kukodi ambalo wafanyakazi wanaweza kulala ndani wakiwa safarini, na dereva anayejua kulitengeneza. Nikamweleza habari za kombi. Akasema, "Ilete ikitembea, dereva ni wewe." Atatuombea kibali cha kuishi Kasulu mjini, mimi na familia yangu. Nasra, mtoto wangu atazaliwa chini ya bati!

Sasa fungeni breki na waya wa klachi kama nilivyochora hapa nyuma. Kisha mpime vali injini ikiwa baridi kabisa, asubuhi kabla ya jua. Hapo itabaki petroli tu, nami nitakueleza. Oswald anapatikana Kigoma mjini kila Ijumaa, shemeji anaweza kwenda kumwambia kwamba tumekaribia.

Wewe ndiye umenitoa humu. Sitasahau.

Kaka yako,
Ashraf

Kasingirima, Ujiji
25 Agosti 1996

Kaka Ashraf,

Shikamoo. Habari za huko, na hali ya wifi?

Sina habari njema. Injini imekataa. Tulipima vali kama ulivyosema, lakini imeshika tena na haigeuki. Dadi anasema bora tuwarudishie kuku banda lao. Kazi ya bandarini nayo imesimama, maana mizigo ya Burundi imezuiwa.

Usihangaike kututumia kitu kingine. Na Bonaventura usimpe barua kwa sasa, siku hizi haeleweki.

Mdogo wako,
Nasra

Mtabila
8 Septemba 1996

Mdogo wangu,

Usilie. Injini ambayo haijawashwa tangu itengenezwe haiwezi kushika tena, lazima ni kitu kidogo. Jaribu kuizungusha feni kwa mkono, na uniandikie inagoma wapi. Oswald nimemwomba atusubiri kidogo. Poleni kwa kazi ya shemeji. Tukianza kulipwa, nanyi mtakula humo humo.

Kaka yako,
Ashraf

Mtabila
10 Novemba 1996

Nasra,

Nilikungoja Septemba yote na Oktoba yote.

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya maharage nikaisikia inapanda kilima. Injini ile haifanani na nyingine, na hiyo niliijua kabla sijaiona. Nilidhani mnaniletea. Nilitoka kwenye foleni nikakimbia, mtu mzima mimi, nikipunga mikono. Samawati ya mitumbwi. Karatasi ya shirika imebandikwa mlangoni. Na kwenye usukani, mumeo.

Aliniona. Akapandisha kioo.

Oswald ndiye aliyeshuka. Akaniambia, "Shemeji yako alisema umemuuzia gari, na kwamba kazi huitaki tena." Nikasimama pale na bakuli tupu.

Wewe na mimi tumenyonya ziwa moja. Nilikufundisha kila bolti ya gari lile, na nilikwambia kwa mkono wangu mwenyewe mahali kazi ilipo na siku ya kumpata mwenye kazi. Angekuwa mtu baki aliyenifanyia hivi, ningekula na kulala. Ikram yu karibu kujifungua, turubai linavuja pale pale, nami sina la kumwambia.

Nijibu swali moja. Ile barua ya Agosti, Dadi alikulazimisha, au uliandika kwa hiari yako?

Ashraf

Kasingirima, Ujiji
24 Novemba 1996

Kaka yangu,

Shikamoo. Najua huitaki salamu yangu.

Hakunilazimisha. Alinieleza, tukakubaliana.

Wiki zile tulikuwa tunachemsha majani ya maboga na chumvi. Dadi alikwenda kumwona Oswald kama ulivyoagiza, akarudi akasema, gari limekaa uani kwetu, tumelitengeneza sisi, na mkimbizi nani atamwandikishia gari? Ninyi huko mnapewa mahindi, maharage na mafuta. Sisi wenyeji nani anatuuliza tumekula nini? Na mimi ni mke wa mtu, kaka. Nilifikiri utapata njia nyingine. Wewe siku zote umepata njia.

Silali vizuri. Niamini au usiniamini.

Kuna jambo lazima nikuulize, sina mwingine wa kumuuliza. Asubuhi gari likianza kuwaka linanuka petroli. Jumamosi Dadi huwachukua Musa na mdogo wake, wanalala kitandani nyuma mpaka Kasulu na kurudi. Musa anasema harufu inamchefua. Dadi anasema ni kawaida ya magari ya zamani. Ni kawaida, kaka? Ile kazi ya mwisho hukutupa.

Wifi amejifungua?

Mdogo wako,
Nasra

Mtabila
30 Novemba 1996

Nasra,

Barua yako ilifika Jumanne. Nimekaa nayo mpaka leo, na sitakuficha, siku ya kwanza niliamua nisijibu. Nilitaka liungue. Halafu nikakumbuka ni nani wanaolala juu ya injini hiyo.

Si kawaida. Gari lisiwashwe tena, hata kusogezwa uani. Barua hii nampa Bonaventura, atakuletea leo hii mkononi.

Mpira wa petroli unaotoka tangini, unaopita kwenye tundu la bati mpaka kwenye pampu, na kutoka pampu mpaka kabureta, ni ule ule niliotoka nao Buyenzi. Ukiukunja utaona nyufa. Petroli inadondoka juu ya injini ya moto, na siku moja itashika moto. Kombi za namna hii huungua hivyo, na haraka. Huo mpira ndio ulikuwa kazi ya mwisho. Nilipanga mpya utiwe kabla ya tone la kwanza la petroli, lakini uliniandikia kwamba injini imekataa.

Toeni wote, hata vipande vinavyoonekana vizima. Bonaventura anakuletea mpya aliouzungushia kwenye gurudumu la akiba, umetoka kwa padri, alikuwa ameuhifadhi kwa ajili ya kombi yake. Kazeni kila ncha kwa kibano. Palipo na tundu la bati tieni raba, bati lisiukate mpira. Chomoeni waya wa betri kwanza. Mtu asivute sigara uani. Watoto wakae kwa Telesphory mpaka muone pamekauka.

Gari sikudai tena. Mwambie mumeo alitunze, maana limebeba watu wangu.

Ikram amejifungua salama, mtoto wa kike. Tulikuwa tumekubaliana tangu mwezi wa sita kumwita Nasra. Tumemwita Kuruthumu, jina la jirani wa turubai la pili aliyemshika mkono wakati wa uchungu.

Ni mimi,
Mjomba wa Musa