Vidole Vilivyojikunja

Bo, Ijumaa asubuhi

Mama yangu mpendwa Jebbeh,

Salamu nyingi zikufikie hapo Gerihun, wewe na Dada Tenneh anayekusomea. Mgongo umepoa? Na mwanangu Boi, meno ya nyuma yameota? Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Nakula nashiba, na kovu limekauka kabisa.

Mama, sijawahi kukwambia Alhamisi huwa naenda wapi. Pale kliniki ya miguu ya bandia kuna chumba tunakaa duara, watu tisa, kila mmoja amepungukiwa kiungo. Anayetukalisha ni nesi, Sista Massah. Hatupi dawa. Anauliza tu wiki imekwendaje, nasi tunasema. Mwanzoni nilikaa kimya, mpaka Pa Brima, mzee aliyekatwa mkono wakati wa vita, akauliza kama lile lori lilinikata mguu au ulimi.

Wiki iliyopita nikafunguka. Nikasema mguu usiokuwepo unaniuma, vidole vimejikunja kama vimebanwa mahali, na sababu naijua: ulizikwa vibaya. Nilidhani watanionea huruma. Pa Brima akacheka mpaka akafuta machozi. Akasema, mwanangu, mkono wangu niliuacha porini nikikimbia, hakuna aliyeuzika, na mpaka leo kiganja kinawasha. Haya, niambie nikakune wapi? Finda, muuza mchele, akadakia kwamba wa kwake ulizikwa na imamu, kwa sanda na dua zote, na bado unaungua kama ameshika sufuria. Akaniuliza, basi na imamu naye alikosea? Wote wakacheka, nami nikacheka, halafu nikalia.

Sista Massah akatueleza kwamba kichwa bado kinauita mguu, na usipoitika ndipo maumivu yanakuja. Kaburi halihusiki. Akanipa kioo nikisimamishe katikati ya mapaja, mguu mzima uonekane kama miwili. Akaniambia nikunjue vidole taratibu. Mama, vyote vikakunjuka.

Sasa nifike kwenye lililonikalisha kuandika. Ulipoupokea mguu wangu hospitali, ukaufunga kwa kitenge chako, ukauweka kwenye boksi la sabuni, ukauzika nyuma ya jiko. Dada akaja kunitajia kwamba boksi lilikuwa fupi, ukaukunja kidogo. Hakuwa na nia mbaya, asijilaumu anapoyasoma haya. Ila tangu hapo kila nilipoumwa nililaumu mikono yako. Nilikudanganya kwamba mguu wa bandia haujawa tayari. Ninao tangu mwezi wa pili, sikutaka tu kukuona. Na baya zaidi, nilimwomba mama mkwe aje amchukue Boi kwako. Jana nimemwendea nikamwambia asije, mtoto yuko mahali pake. Hakunijibu vizuri, lakini amekubali.

Nisamehe, Mama. Mikono iliyouosha mguu wangu wakati mimi mwenyewe sikuweza kuutazama, ndiyo niliyoitilia shaka.

Jumapili nakuja. Nitashuka barabarani na kutembea mwenyewe mpaka kwako, polepole, msije kunipokea. Kama umekasirika, usifungue mlango. Nitakaa barazani nikungoje. Kwenye kile chumba nimejifunza kukaa na mtu anayeumia bila kumharakisha.

Nisalimie majirani wote, na umbusu Boi mashavu yote mawili.

Wako uliyemzaa,
Baindu