Blouse Haifuliwi

Kabambare, tarehe 9 Septemba 2023

Kwa mudogo wangu Pitchou,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta muzima, wewe na Mama na wote wa nyumbani. Goti la Mama likoje? Mimi niko, mwili haulalamiki. Kinacholalamika ni roho, na hiyo umeizoea.

Nakuandikia kwa mukono kwa sababu mega zote za intaneti ya simu zinamalizikia kwenye masomo. Ndiyo, masomo. Tangu mwaka jana ninasoma masta ya uongozi wa uuguzi, kwa simu, katika shule ambayo sijawahi kukanyaga mulango wake. Rezo, mutandao wa simu, hapa inashika mahali pamoja tu, kwenye ukuta wa paroasi upande wa choo, basi darasa langu liko pale. Walimu wananiona nimeshika mwavuli, wanadhani ni mapambo.

Sikukuambia kwa sababu wewe ukijua jambo, Kasongo nzima inajua kabla jua halijatua.

Utauliza kwa nini masta, na umri huu. Niliingia hospitali nikipiga deki. Nikasoma, nikawa muuguzi, nikasoma tena. Wakuu wa wauguzi watatu wamepita juu ya kichwa changu, na wote watatu ni mimi niliyewaonyesha mahali glavu zinapowekwa. Wa nne anaitwa Clovis. Ana karatasi kubwa kuliko yangu, na ndevu ambazo bado zinatafuta njia. Salle yetu, wodi ya wazazi, iko na vitanda kumi na vinane, wazazi ishirini na saba. Yeye anaita hiyo changamoto. Mimi naita hesabu: wanawake tisa wanalala chini.

Faradji wa pikipiki atakupa flash. Ndani kuna matokeo yangu ya mwaka wa kwanza, 15,5 juu ya 20. Yachapishe pale kwenye kibanda chako cha fotokopi, uyafunge kwa plastiki, uyaweke kwenye sanduku la Mama, chini ya vitenge. Basi. Usifanye kitu kingine.

Yaya yako,
Marcelline


Kasongo, tarehe 24 Septemba 2023

Yaya Marcelline, dada yangu mukubwa, mama yangu wa pili,

Salamu kutoka kwa kila mutu, hata kwa wale usiowajua. Uliuliza goti la Mama. Limepona. Lilipona Jumapili, alipocheza. Ngoja nikueleze.

Nilichapisha karatasi, wino wa rangi. Mashine ilipoitoa nikasimama wima. 15,5! Mimi shuleni nilikuwa napata hiyo juu ya hamsini. Nikawaza, karatasi kama hii inaenda kulala na nondo chini ya vitenge? Nikaikuza, nikaibandika mbele ya kibanda. Kabla gundi haijakauka, baba mudogo Zéphirin alikuwa amefika na mbuzi kwenye kamba.

Desturi yetu unaijua, mutu akimaliza masomo anamwagiwa poda kichwani. Sasa mwenye kichwa hayuko. Mama akaingia ndani, akatoa ile blouse yako ya kwanza, koti jeupe la kazi, ile aliyoishona mwenyewe ulipoanza uuguzi, akaivalisha kiti. Tukakimwagia kiti. Wamama wakapanga mustari, kila mumoja ananyunyiza na kusema neno lake. Kwaya ya paroasi ikakiimbia. Muzee Iliasi wa upande wa musikiti akaleta muchele na dua pamoja. Célestine uliyesoma naye akalia, akashika mukono wa blouse kama anakusalimia.

Najua, umebakiza mwaka mumoja. Lakini furaha ilikuwa imekwisha kufika mulangoni, ningeiambia irudi mwakani?

Sasa mutaa wote unakuita Madame Masta. Mama ni Mama Masta. Mimi naachiwa kiti cha mbele kwenye vikao, nami nakikalia.

Mudogo wako mwenye kiburi,
Pitchou


Kabambare, tarehe 5 Oktoba 2023

Pitchou,

Natumaini muko wazima. Mimi niko.

Soma barua hii peke yako kwanza, kisha umusomee Mama.

Nilikuwa nimeacha masomo. Ile karatasi niliituma iwekwe sandukuni kama watu wanavyoweka picha ya marehemu. Hesabu zangu unazijua, nilipiga mara nyingi kama nitaweza kumaliza, na kila mara zilinikatalia. Mwaka wa pili si kusoma tu. Wanataka nibadilishe jambo moja katika kazi ya hospitali, jambo la kweli, wenzangu wenyewe wakubaliane nalo, kisha nilitetee kwa video mbele ya walimu. Hapa nani atanikubali? Clovis aliniambia kila muradi lazima upitie kwake, akaipokea karatasi yangu, akaweka kikombe cha chai juu yake. Wenzangu wanasema nataka kuwa bosi wao kwa njia ya simu. Nikajiambia, Marcelline, umejaribu, funga.

Na nyinyi mukacheza. Mulicheza matanga mukidhani ni arusi, na mbuzi mukala. Sasa kila motard anayeingia hapa na pikipiki yake ananiita Masta. Jana mugonjwa amekataa sindano mpaka aje Masta mwenyewe. Nitaweka wapi uso wangu?

Fanya hivi. Bandua karatasi. Fua blouse. Pita nyumba kwa nyumba, uwaambie kwamba ulikosea. Usiniandikie kabla hujamaliza.

Yaya yako, hata hivyo,
Marcelline


Kasongo, tarehe 21 Oktoba 2023

Yaya,

Salamu. Tuko wazima kwa mwili.

Karatasi nimebandua. Nyumba kwa nyumba nilianza, na kwa baba mudogo Zéphirin nikaishia. Alisema yeye hana neno, nimurudishie tu mbuzi wake akiwa anatembea.

Blouse sikuifua. Nilimusomea Mama barua yako yote. Alikuwa anachagua muchele kwenye ungo, hakuinua kichwa. Nilipomaliza nikanyoosha mukono niichukue, maana ameitundika ukutani karibu na mulango, na poda yake yote. Ndipo akasema: “Haifuliwi. Nilimumwagia mutu aliyemaliza. Kama hajamaliza, amalize.”

Akarudi kwenye muchele wake.

Mimi nimetubu, yaya. Mama hajatubu.

Mudogo wako,
Pitchou


Kasongo, tarehe 17 Desemba 2023

Yaya,

Salamu za Noeli inayokuja. Afya yako? Nimekuandikia tena mwezi uliopita, hakuna kilichorudi. Faradji anasema uko muzima na amekuona mahali. Mahali gani, hasemi, eti ulimukataza.

Mama haulizi chochote. Ila ametundika kitenge juu ya blouse ili vumbi la njia lisichanganyike na poda, na kuku akipita pale chini anafukuzwa kama mwizi.

Andika hata kwa kutukana.

Mudogo wako,
Pitchou


Kabambare, tarehe 18 Februari 2024

Pitchou,

Salamu. Habari za goti, habari za kibanda? Mimi ni muzima, nimekonda kidogo kwa hasira.

Hasira ndiyo iliyonirudisha kwenye ukuta wa paroasi. Nilisema nitamaliza ili nije niitoe ile blouse ukutani mimi mwenyewe, na musiwe na la kusema.

Jambo nililochagua kubadilisha ni kupokezana zamu. Kwetu ilikuwa hivi: anayetoka amekwisha kuvaa mukoba begani, anayeingia bado anafunga vifungo. Wanapishana kwenye koridoo, mumoja anauliza kama wagonjwa wako salama, mwingine anajibu wako salama, basi. Asiye salama anajulikana asubuhi. Mimi nilitaka wapokezane wakitembea kitanda kwa kitanda, mugonjwa mwenyewe akisikia anavyosemwa.

Wakakataa. Masomo yanasema kiongozi asikilize kwanza. Nikasikiliza, nimeuma meno. Nilisikia upuuzi mwingi, Pitchou, na neno moja. Sarah-Grâce, mudogo kuliko wote, akasema: “Yaya, hatuwakimbii wagonjwa. Tunakimbia giza. Kile kivuko cha miti pale mutoni kimebaki nusu.” Na mimi nyumba yangu iko upande huu wa muto! Miaka yote nilikuwa nawaita wavivu. Tukaanza zamu ya jioni nusu saa mapema, watu wavuke wakiona miguu yao. Zamani, katika kupokezana mara kumi, mbili tu ndizo zilizofanyika vizuri. Sasa ni tisa. Ile ya kumi ni mvua.

Juzi, wakipita hivyo kitanda kwa kitanda, wakamukuta mama mumoja damu inamutoka chini ya kitenge, naye anatabasamu kwa haya. Zamani angehesabiwa na walio salama. Jana ametoka kwa miguu yake, mutoto mugongoni.

Na Clovis? Nilimuomba aongoze yeye mzunguko wa kwanza. Iliniuma, lakini niliomba. Akaniangalia kama nimemupa zawadi. Kumbe tangu afike hapa, hakuna hata mumoja wetu aliyemualika kula. Karatasi yangu ameitoa chini ya kikombe, na duara la chai juu yake. Nimeituma kwa walimu hivyo hivyo. Simupendi bado, ila ndevu zimeanza kuona njia.

Taabu imebaki moja. Utetezi ni mwezi wa saba, saa nzima bila kukatika. Rezo ikianguka, na mimi nimeanguka. Antena ya hapa inakohoa kuliko wagonjwa wangu. Wewe unajua watu wengi kupita kiasi. Kwa mara moja ifae.

Yaya yako,
Marcelline


Kasongo, tarehe 10 Machi 2024

Yaya,

Salamu, salamu, na tena salamu! Nilimusomea Mama. Alisema vizuri, akaomba nirudie pale kwa yule mama na mutoto wake. Nimerudia mpaka nimeshika kwa kichwa.

Dawa ya rezo ni Bulaimu, mutoto wa shangazi. Ananunua zahabu Salamabila, na ameweka sahani ya satelaiti juu ya bati lake ili afuate bei za dunia. Amekubali kukupa meza yake. Sharti moja: mulango haufungwi, kwa sababu wachimbaji wakikuta umefungwa wanapeleka zahabu kwa jirani. Faradji atakubeba.

Nilimuuliza Mama kama tutangulize poda Salamabila, angalau kopo moja. Alikataa. Poda haitangulii tena katika nyumba hii.

Mudogo wako,
Pitchou


Salamabila, tarehe 12 Julai 2024

Pitchou, na Mama anayesikiliza,

Salamu kutoka kwa watu na vumbi la Salamabila. Mimi ni muzima. Acha nieleze kwa utaratibu, maana nikianza na mwisho sitaandika mengine.

Nimetetea jana kwenye meza ya Bulaimu, simu imeegemea mizani ya zahabu. Nyuma yangu benchi la wachimbaji waliosubiri kupimiwa, wametulia kama kanisani, kofia magotini. Walimu watatu, kila mumoja katika dirisha lake. Mukubwa wao, mwanamke wa miwani, akauliza kama wale nyuma yangu ni kamati ya hospitali. Sikutaka kuanza na uongo. Nikasema ni watu wa zahabu. Akaandika.

Rezo haikukatika. Mwanamke wa miwani akaniuliza kama nikihamishwa kesho muradi wangu utakufa. Jibu sikulichukua katika masomo. Nikasema: “Mimi nilipoondoka kuja huku, hakuna aliyeniaga vizuri. Walikuwa wanapokezana, na kitanda cha saba kilikuwa na kazi.”

Muzee mumoja wa benchi akasema amina. Mwanamke wa miwani akavua miwani.

17 juu ya 20, Mama. Grande distinction, daraja la juu.

Benchi lote likasimama. Bulaimu akafunga mulango, yeye aliyeapa kwamba haufungwi, ili nilie bila watu wa njiani. Kisha wakatafuta poda Salamabila nzima. Hapa kuna simu, kuna manukato, kuna viatu vya mpira vya kila rangi, lakini poda hakuna. Esther-Divine wa mugahawa akaja mbio na sahani ya unga wa muhogo, mukono umekwisha kuinuka. Nikaushika. Nikamwambia poda yangu iko Kasongo, imenisubiri ukutani, siwezi kuidanganya na unga. Ule unga ukawa ugali, tukaula na samaki, wachimbaji wote.

Tena, asubuhi hii Clovis amenipigia. Anahamishiwa Kindu. Alikuwa amekwisha kupeleka jina langu, ilibaki hiyo masta tu, na sasa karatasi imesainiwa. Mukuu wa wauguzi ni mimi. Nilimuambia asiondoke kabla hajala kwangu. Kisha nikakaa, nikapiga hesabu tena, vitanda kumi na vinane, wazazi ishirini na saba. Sasa wale tisa wanaolala chini ni wangu.

Kesho narudi Kabambare. Nitumieni blouse kwa Faradji. Isifuliwe.

Yaya yako, na mutoto wako, Mama,
Marcelline


Ujumbe wa simu, Kasongo, tarehe 16 Julai 2024, asubuhi

Yaya, salamu, tuko wazima, mengine utayaona mwenyewe.

Nilitaka kukunja blouse katika plastiki nimupe Faradji. Mama amekataa ibebwe na mutu mwingine. Amekaa nyuma ya pikipiki, blouse magotini, na Faradji hajamaliza hata chai yake. Namuambia njia ni mbaya, namuuliza na goti je. Anafunga kitambaa kichwani. Mimi niko kwenye pikipiki ya pili na makopo ya poda. Baba mudogo Zéphirin ametoa mbuzi mwingine, lakini huyo atakusubiri hapa.

Mama anasema uandae beseni la maji na sabuni. Akikwisha kukumwagia, ataifua mwenyewe.

Mudogo wako,
Pitchou