Baba Alipokuuliza Hali ya Roho Yako

Mama yangu, Mayu,

Shikamoo, ingawa ulipo sasa siwezi kusikia marahaba yako. Mgongo unauma na viganja vimejaa malengelenge, lakini nimeshiba, nimekaa nje ya kibanda changu hapa Geita, nakukumbuka.

Unalikumbuka darasa letu la kanisa, lile kundi la kuombeana, kule kijijini, Kahama? Wewe ndiwe uliyenieleza kwamba kanisa letu lilianzishwa na Wamethodisti waliojitenga na wenzao, wakiona wenzao wamelegea juu ya pombe na mapambo. Ndiyo maana hukuvaa pete hata siku ya harusi yako. Ukanieleza na ngazi zake: mkutano wa mwaka humpanga mchungaji, mchungaji huteua kiongozi wa darasa, na kiongozi humuuliza kila mtu hali ya roho yake, kila juma, mbele ya wenzake.

Kiongozi wetu alikuwa Baba. Siku moja alikugeukia kana kwamba hamjuani. "Mama Masanja, roho yako ikoje juma hili?"

Ukasimama. "Ilikuwa njema, kiongozi, mpaka jana uliponifokea kwa sababu ya ng'ombe aliyepotea. Na ng'ombe mwenyewe ulimfungua wewe!"

Watu walicheka hadi benchi likapinduka. Baba akainamisha kichwa. "Basi niombeeni mimi kwanza." Mkamwombea.

Sasa, Mayu, mchungaji amenipa mimi darasa hapa machimboni. Nilimwambia niliishia la nne. Akasema, "Sikuajiri uwe karani. Kazi yako kuuliza na kusikiliza." Lakini kilichonitisha si shule. Darasani yumo Baba Neema, msimamizi wa shimo letu. Ukimuudhi leo, kesho huna kazi.

Jumapili zamu yake ikafika. Nikamuuliza roho yake ikoje.

"Masanja, unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe, Baba Neema. Ndiyo kazi niliyopewa."

"Roho yangu si njema," akasema. "Nawabania vijana maji ya kunywa, halafu nawaita wavivu."

Tukamwombea. Jumatatu alikuja shimoni akibingirisha pipa mwenyewe, akalijaza, akafoka, "Kunyweni! Mnanitazama nini?" Tulikunywa mpaka likaisha, naye akaenda kuteka mengine.

Nimechoka, Mayu, ila moyo umetulia. Pumzika nawe.

Mwanao wa kwanza,
Masanja