Nilivyokanyaga kitenge cha Mama

Jumapili, jioni

Sijamwambia mtu: Alhamisi nilivuta unga tena, baada ya miezi minne ya kuacha. Mara moja tu. Lakini nilivuta.

Na leo kanisani mchungaji akaniita mbele nitoe ushuhuda. Mi mbele ya watu ulimi unakauka, nikasema tu kile walichokuwa wanangoja: "Tangu Yesu aniokoe, sijagusa."

Vigelegele! Mama akafungua kitenge chake kipya cha juu, akakitandaza sakafuni. "Pita juu, mwanangu! Pita, shetani aone haya!"

Nikapita. Na viatu vyangu vya vumbi.

Ajabu ni kwamba Alhamisi ile, nikilia peke yangu, niliomba kweli kwa mara ya kwanza, nikasikia Mungu amekaa nami. Leo, katikati ya makofi, sikusikia kitu.

Sasa Mama anakifua kile kitenge uani huku akiimba. Akijua, sidhani kama ataniamini tena. Na mimi bila yeye...

Ameacha kuimba. Kandambili zake zinakuja mlangoni. Humu daftarini huwa naandika Kifaransa cha shule, kwa sababu Mama hakisomi. Leo nimeandika Kiswahili chote, na daftari silifichi.