Sumaku Yenye Dagaa

Ajwang weee, nimeumbuka!

Ile sumaku ya unga wa kutu niliyoichoma jana darasa la jioni, leo imetoka tanurini na matundu kama andazi lililozidi hamira. Haikushika hata msumari!

Mwalimu Otuoma akaniita mbele ya wote. "Mama Favour, nilisema utie chaki kidogo ili chembe zisikue ovyo, sumaku iwe na nguvu. Wewe umetia nini?"

Nikafungua kopo nililodhani ni la chaki. Unga wa lishe wa mwanangu. Wenye dagaa! Kumbe ndiyo ile harufu ya jana, tukasema majirani wanakaanga. Unga umeungua, umeacha matundu.

Darasa zima likacheka. Mwalimu akasema, "Ikishika hata pini, nitakuruhusu uchome nyingine. Isiposhika, tuonane mwakani."

Pini gani tena! Kama unga wa lishe uko darasani, chaki iko wapi? Iko nyumbani, na mama mkwe ndiye anapika uji!

Nimekimbia mpaka nyumbani Igogo na sumaku mkononi. Namkuta anakoroga, jasho linamtoka. "Uji wenu wa kisasa haukubali kuwa mzito. Mtoto sijampa, nimeonja mimi tu."

Nikamweleza kwamba ni chaki tu, haina neno. Wapi! Akaninyang'anya sumaku, akaipitisha tumboni eti ivute chaki itoke.

"Mama Favour! Imenasa! Imenasa, nakufa!"

Imenasa kwenye pini ya kitenge chake, Ajwang. PINI!

Nimemwambia asisogee. Nampigia Mwalimu simu ya video.