Kadi ya Bi. Thwaite

Denise, uko wapi? Siamini. Siamini kabisa!

Unajua Ijumaa namaliza hapa shuleni. Mwaka mzima nashika vipindi vya walimu wasiofika.

Sasa leo kwenye chumba cha walimu, Gareth wa jiografia kanijia na bahasha, ananong'ona: "Tia sahihi upesi, asije akaiona. Ni kadi ya kumuaga yule mama wa kushikia vipindi, Bi. Thwaite."

Bi. Thwaite ni mimi, Denise! MIMI!

Nikamuuliza, "Yukoje huyo?"

"Sijui bwana, ila wanasema mtu mzuri."

Nimeandika: "Samahani, hatukupata hata kuzungumza." Jina sikuweka.

Wenzangu wote wameandika "Kila la heri."

Ujumbe mrefu kuliko zote ni wangu.